Buibui Wenye Mlango wa Udongo

Siku niliyorudi kutoka Mbulu na Hanang mlinikalisha kwenye benchi nyuma ya nyumba za watumishi, mkanimiminia chai, mkasema, "Haya, tueleze ilikuwaje." Nikawaeleza lori lililozama matopeni hadi kwenye ekseli. Nikawaeleza utingo aliyelala chini ya lori kukwepa mvua, akaamka ana kuku wa abiria kifuani. Mkacheka sana. Mmoja wenu akauliza, "Na buibui je?" Nikasema buibui nimewaona. "Ni hayo tu?" Nikajibu, ni hayo tu.

Hayakuwa hayo tu. Wengi wa walioketi kwenye benchi lile wameshatangulia, na mimi sasa hata kwenda kisimani ni safari. Nawaandikia mliobaki.

Mnakumbuka kazi yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaajiriwa msaidizi katika ofisi ya wadudu. Daktari wetu alitaka kujua mipaka ya buibui mmoja wa ardhini: anapatikana wapi, katika udongo gani, na wapi hapatikani. Buibui huyu hafumi utando wa kunasia nzi. Huchimba shimo la urefu wa kidole, hulitandika ndani kwa nyuzi zake laini, kisha hulifunika kwa kifuniko cha udongo kinachofunguka na kufungwa kama mlango. Akikifunga, unaweza kukaa juu yake ukala chakula chako usijue. Adui yake ni nyigu mweusi mwenye mabawa ya rangi ya kutu. Nyigu huyo hatafuti chakula chake mwenyewe, anatafuta cha mwanawe. Huinua kifuniko, huingia, humchoma buibui. Buibui hafi. Hulegea tu, akabaki hai asiyeweza kusogeza mguu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yai la nyigu limebandikwa tumboni pake. Nyigu hufunga mlango akaenda zake.

Daktari alinipa kanuni moja: "Usihangaike kumtafuta buibui. Mfuate nyigu. Yeye anajua nyumba zote."

Arusha hadi Mbulu

Safari ya siku moja ilichukua siku tatu. Mvua zilikuwa za mwisho mwisho, na barabara ya kupanda juu ya Mto wa Mbu ilikuwa imegeuka uji. Habari za lori mnazijua. Sikuwaambia habari ya mkunga.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Songea, amehamishiwa zahanati moja ya Mbulu, amekaa juu ya magunia ya chumvi kama yuko sebuleni kwake. Siku ya pili, tukiwa tumekwama, alinigawia viazi vitamu vya baridi.

"Kijana, humo sandukuni mna nini?"

"Makopo, mama. Na spiriti."

"Ya kunywa?"

"Ya kuhifadhia buibui."

Alinitazama mpaka akamaliza kutafuna. "Mimi nimetoka Songea kuja kuzalisha wake za watu. Wewe umetoka Upareni kuja kukamata buibui. Kweli nchi hii ina kazi!"

Lori zima likacheka, nami nikacheka. Halafu akaona vigingi vyangu, vijiti vilivyochongwa na kupakwa rangi nyeupe kichwani, nilivyotengeneza kwa ajili ya kutia alama kwenye mashimo. Uso ukabadilika.

"Hivyo vifiche," akasema kwa sauti ndogo. "Huko unakokwenda, mtu mwenye vigingi ni mtu anayekuja kupima viwanja vya kijiji kipya. Akivichomeka mahali, kesho watu wanahama."

Nikamwambia mimi ni mtu wa sayansi, siasa si kazi yangu. Akasema, "Sawa, mwanangu," akaninyima viazi vilivyobaki.

Kupanda Masieda

Kutoka Mbulu nilikwenda kwa miguu. Nilipewa mtu wa kunionyesha njia na kunisaidia sanduku, mkulima wa Masieda aitwaye Tluway, mwenye umri wa baba yangu mdogo, mwembamba, mcheshi, anayetembea mlimani kama mtu anayeteremka.

"Nimebeba mizigo ya mbegu, ya mabati, hata maiti nimebeba," aliniambia. "Makopo matupu ya kwenda kujazwa buibui, hii ndiyo mara ya kwanza."

Masieda ni miteremko. Udongo wake mwekundu umeshikamana, maji ya mvua hayatuami, na kingo za mashamba ya zamani zimesimama kama ngazi. Mahali pa namna hiyo ndipo buibui wetu anapopenda. Lakini kilima kilikuwa kimya. Niliona mashamba yasiyo na watu na nyumba zisizo na paa. Watu walikuwa chini, kando ya barabara, katika mistari miwili ya vibanda vipya vya nyasi. Operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imepita miezi michache kabla yangu.

Siku ya kwanza nilipata mashimo tisa, nikachomeka vigingi tisa. Asubuhi nikavikuta vyote vimepangwa vizuri mlangoni pa darasa la shule nililopewa kulala.

"Nani ameving'oa?" nikauliza.

"Watu," akasema Tluway.

"Mbona hawakuvitupa?"

"Wameogopa kuvitupa, ni mali ya serikali. Lakini wameogopa zaidi kuviacha."

Tangu siku hiyo wakaniita Bwana Vigingi. Nikaona nitumie njia nyingine. Badala ya kuchomeka kitu, nitaandika. Kila shimo nitalieleza kwa maneno katika daftari: liko hatua ngapi kutoka jiwe gani, mti gani, njia gani, ili Daktari au mtu mwingine yeyote akishika daftari langu aweze kufika penyewe bila kuuliza. Nilijivunia wazo hilo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na shuleni nilikuwa nikipewa insha zangu nizisome mbele ya darasa.

Tawi lililolazwa njiani

Siku ya tatu nilimwona nyigu. Alikuwa akikimbia juu ya udongo akitetemesha mabawa yake ya kutu, anasimama, anagusa ardhi kwa papasi zake, anakimbia tena. Nilimfuata nimeinama, macho chini, kwa muda mrefu sana. Nilimsikia Tluway akiniita nyuma, nikampungia mkono anyamaze. Nyigu akavuka tawi bichi lililolazwa kukatiza njia. Nami nikavuka.

"Rudi!" Tluway akapiga kelele. "Rudi, bwana! Umevuka!"

"Ngoja, anaingia shimoni!"

Nyigu aliinua kifuniko cha udongo, akapotea. Nilikaa pale mpaka akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Ndipo nikainua kichwa. Mbele yangu, hatua kama kumi na mbili, moshi ulikuwa ukitoka katikati ya majani ya kilima. Nilidhani moto wa nyika. Kisha nikaona mlango mfupi, na juu yake dari bapa la udongo lililoota nyasi, limelingana na mteremko kiasi kwamba ng'ombe angeweza kulipita juu. Mlangoni alisimama bibi mmoja aliyenyolewa nywele, amejifunga ngozi mabegani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Nyigu," nikasema, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kweli.

Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Tluway hakucheka. Alikuwa amesimama ng'ambo ya tawi, nayo sauti yake ikatoka huko huko. Bibi yule aliitwa Matle, mjane, na alikuwa katika metimani. Kwa Wairaqw, kifo kikiingia nyumbani, nyumba hiyo hutengwa. Wenyewe wana njia yao, maji yao na moto wao, na hakuna wa kula nao wala kuwashika mkono mpaka siku ziishe na mzee aje kuwaosha. Kwa mjane siku hizo ni mwaka. Anayevuka tawi naye amebeba kile walichobeba.

"Sasa na wewe umo," akasema Tluway. "Shuleni hulali. Chakula changu huli. Hata sanduku lako silishiki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mzee aje akuoshe. Ana mguu mbaya. Nitamwita."

Akaenda. Mzee alichukua siku tatu.

Siku tatu kwa Bibi Matle

Sijapata kuishi na mtu mchangamfu kama bibi yule. Alikuwa hajazungumza na mtu uso kwa uso kwa miezi kumi. Tluway, ambaye alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa akimwekea mahindi kwenye jiwe kando ya tawi, akaondoka, naye akaja kuchukua. Basi maneno ya miezi kumi akanimwagia mimi. Alinilisha ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akanicheka nilivyokula.

"Kwenu mnatafuna maziwa?"

Aliniambia kwamba babu zao walijenga namna ile, ndani ya kilima, zamani za kuvamiwa. "Wavamizi walikuwa wakisimama juu ya dari letu wakiulizana, watu wa hapa wako wapi?" Nilipomwonyesha kifuniko cha shimo la buibui, jinsi kinavyofungwa pasibaki ufa, alikiinua kwa ukucha, akakirudisha, akakiinua tena. "Huyu ni mtu wa kwetu," akasema.

Ndani, buibui alikuwa amelala chali, amelegea, na yai jeupe tumboni.

"Amekufa?"

"Hapana, bibi. Yuko hai. Ila hawezi kitu."

Hilo halikumchekesha. "Anajua?" akauliza. Nikasema sayansi haijui.

Daktari alitaka kujua yai huchukua siku ngapi mpaka nyigu mpya atoke, nami nilikuwa na safari ya mbele. Bibi Matle akajitolea. Tulimhamisha buibui kwenye kopo, pamoja na udongo wake, nikatoboa kifuniko. Yeye akaleta uzi wa katani. "Kila asubuhi nitafunga fundo moja. Kuhesabu siku ndiyo kazi yangu." Akanionyesha uzi mwingine mkononi pake, mrefu, umezungushwa mara nyingi, wenye mafundo ya siku za mumewe. Ilibaki kama miezi miwili.

Siku ya mwisho aliniambia kwa nini yuko pale. Watu walipohamishwa, yeye hakuweza kwenda. Metimani humalizwa katika nyumba ya marehemu. Na angekwenda kukaa mstarini kati ya watu kabla ya kuoshwa, angewapelekea wote kile alichobeba. Kwa hiyo kijiji kizima kilifunga mdomo. Waliwaambia waliokuja kuandika majina kwamba amekwenda kuishi kwa binti yake Balangdalalu.

"Miezi miwili tu," akasema. "Nikishaoshwa, nitateremka mwenyewe, hata kibanda cha mwisho nitakaa. Usiwaambie watu nipo wapi."

"Sitasema, bibi."

"Kwa nini useme? Kazi yako ni buibui."

Mzee alikuja akichechemea, akaninyunyizia maji kwa majani, akanirudisha kwa watu. Bibi Matle alinisindikiza mpaka kwenye tawi, akasimama hapo. Akanipa salamu nimpelekee binti yake.

Kabla ya kuteremka nilikaa juu ya jiwe nikaandika ukurasa wa kituo cha nne. Niliuandika vizuri, kama nilivyoandika vyote: "Mteremko unaotazama magharibi, udongo mwekundu mgumu. Mashimo sita. La kwanza liko hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyumba ya udongo ya Bibi Matle, mjane, anayeishi hapo peke yake. Njia inakatizwa na tawi." Sikuona kosa lolote. Nilichoahidi ni kutosema. Kuandika kwangu kulikuwa kazi.

Makande kwa Katibu

Ili niendelee na safari daftari langu lilipaswa kugongwa mhuri kwa Katibu wa kata. Nilimkuta kijana wa rika langu nyuma ya meza yenye mguu mmoja wa tofali. Tukasalimiana, akasikia ulimi wangu, akasimama.

"Ndugu, wewe ni Mpare!"

Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, wa milima ile ile. Alikuwa na mwaka na nusu hajaongea Kipare. Alifunga ofisi saa sita mchana, akanipeleka nyumbani kwake, tukala makande aliyoyapika mwenyewe, yenye maharage mengi, kama ya mama. Hakuwa mtu mbaya. Alinisimulia upweke wake, watu wanavyomwitikia kwa adabu na kumnyima habari. Aliniambia pia kwa fahari kwamba alishapeleka taarifa wilayani: kilima cha Masieda kimekwisha watu.

Kisha akasema, "Nisomee kazi yako. Nimechoka kusoma taarifa za mbolea."

Nikasoma. Nilikuwa nimeshiba, niko na mtu wa nyumbani, na daftari langu lilikuwa zuri. Nilisoma kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilipofika cha nne sauti yangu haikutetereka hata kidogo. Nilisoma mpaka kwenye tawi.

Akaweka kijiko chini, akavuta karatasi. "Rudia hapo."

Hapo ndipo nilipofahamu. Nikajaribu kuzoa maji yaliyokwisha mwagika. Nilimweleza metimani, miezi miwili, kwamba bibi mwenyewe atateremka. Nadhani nilieleza vizuri. Alisikiliza akichora mezani kwa kidole.

"Mimi nimeandika wameisha," akasema.

"Ni bibi mmoja, ndugu yangu."

"Ndiyo. Na akija mkubwa akaona moshi, nitasema nini? Kwamba nyigu alimficha?" Akacheka kidogo, akanigongea mhuri. "Tutaona. Usiwe na wasiwasi."

Kutoka pale hadi kwa Bibi Matle ni mwendo wa nusu siku. Ningeweza kurudi. Ningeweza kumwambia Tluway, naye angejua la kufanya. Lakini lori la kwenda Haydom lilikuwa linawasha moto, na lingine halikujulikana litakuja lini. Nikajiambia kwamba tutaona maana yake ni hapana. Nikapanda lori.

Basotu na Balangdalalu

Huko kote nilifanya kazi nzuri, na sijivunii. Basotu nilikaa wiki mbili kwa sababu mvua zilikata njia. Nililala kwa mwalimu mmoja Mwislamu wa Kondoa aliyenilisha perege wa ziwani kila siku, akanisikitikia kila siku kwa kazi niliyopewa. Kwenye kingo za ziwa, palipo na mawe na udongo usioguswa, mashimo yalikuwepo. Nilipovuka kwenda kwenye mashamba makubwa ya ngano nilitembea siku nzima nisione hata moja. Trekta hugeuza udongo kila mwaka, na buibui huyu, jike likishachimba, hukaa shimo lile lile maisha yake yote. Ukigeuza udongo mara moja tu, umefuta ukoo. Nyigu walikuwepo. Nilimwona mmoja akikimbia huku na huku juu ya matuta, anagusa, anasimama, anagusa, kama mtu aliyefika mtaani akakuta nyumba zimehama.

Balangdalalu, chini ya mlima Hanang, nilimtafuta binti wa Bibi Matle. Nilimkuta anapepeta mtama, mwanamke mwenye macho ya mama yake. Nikampa salamu. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Wewe umemwona lini?"

"Kama mwezi sasa."

"Wiki mbili zilizopita alikuja mtu na barua ya serikali," akasema, ungo umesimama mikononi. "Akaniuliza, mama yako yuko hapa? Nikasema yuko, amekwenda shamba. Akasema nitamsubiri. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Jua likazama, mama hakutoka shamba." Akanitazama. "Nani aliyewafungua macho? Watu wa kwetu hawawezi kusema."

Aliniwekea uji, mzito, wenye maziwa. Nilikunywa wote. Sikumjibu. Katika makosa yangu yote ya safari ile, uji ule ndio unaonirudia mara nyingi zaidi.

Masieda tena

Nilirudi haraka kadiri malori yalivyoniruhusu. Tluway nilimkuta mstarini anasuka mlango. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

Aliendelea kusuka. Nikarudia. Mara ya tatu akaelekeza kidevu chake mwisho wa mstari.

Kibanda cha Bibi Matle kilikuwa peke yake, baada ya pengo ambalo vibanda vinne vingeweza kuenea. Ng'ambo ya pengo lile hapakuwa na njia ya miguu. Wanamgambo walikwenda asubuhi moja, wakalivunja dari la nyumba ya kilimani ili asirudi, wakamteremsha yeye na chungu chake. Akawekwa mstarini kati ya watu, hajaoshwa. Watu wakahamisha vibanda vyao kumkwepa. Mtoto wa jirani alipopata homa, maneno yakaenda huko mnakokujua. Maji alikuwa akichota mtaroni, kwa sababu kisimani alikuwa akisubiri wote waondoke, nao hawakuwa wakiondoka.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nyasi, miguu imenyooshwa. Aliniona nikija, hakuinuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekonda. Basotu hakuna samaki?"

Nikaketi. Nilianza kusema nililolifanya, daftari, makande, mhuri. Aliinua kiganja.

"Najua. Katibu alikuja nalo karatasini. Alinisomea: hatua kumi na mbili. Akahesabu, zikawa kumi na mbili. Ulipima vizuri."

"Wazee wanasemaje?" nikauliza mwisho. "Siku zako?"

"Wanasema zianze upya. Nikawauliza zianzie wapi? Nyumba ya mume wangu haina dari. Wamekwenda kufikiri." Akatazama kilima. "Bado wanafikiri."

Kisha akaingiza mkono nyuma yake akatoa kopo langu. Alilibeba siku ile pamoja na chungu, ndivyo vitu viwili alivyoruhusiwa kubeba. Ndani palikuwa na udongo mkavu, miguu mitupu ya buibui, na ganda la rangi ya chai lililopasuka. Nyigu hayumo.

"Ametoka?"

"Ametoka. Nilimfungulia."

"Bibi, Daktari alimtaka."

"Alimaliza siku zake," akasema. "Aliyemaliza siku zake anafunguliwa."

Akanipa uzi wa kopo. Nilihesabu pale pale, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu: mafundo thelathini na tisa, hakuna hata moja lililorukwa, hata la asubuhi ile aliyoteremshwa. Uzi wake mwenyewe ulikuwa bado mkononi. Ncha yake ilining'inia, ndefu, laini, haina fundo.

Nilipoinuka nikamwamkia tena kwa kuaga. Aliitikia, kisha akaniita nimeshageuka.

"Bwana Vigingi. Ukifika kwenu, usiwaambie watu nipo wapi."

Akacheka, kicheko kile kile cha mlangoni, lakini kifupi. Mstari mzima ulikuwa ukituona.

Daktari nilimwambia nyigu alitoroka. Aliisifu taarifa yangu, hasa maneno haya: "Hupatikana katika miteremko yenye udongo wa zamani. Akiondolewa shimoni mwake, hachimbi tena." Niliyaandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Ukurasa wa kituo cha nne niliunakili upya bila jina lake, wakati ambapo haikumsaidia mtu.

Kwamba Bibi Matle alifariki nilisikia baadaye, kwa mkunga wa Songea, niliyekutana naye Arusha kituoni. Hakujua kama walikuwa wamemwosha. Tangu hapo nimekuwa na uzi wa mafundo thelathini na tisa katika kopo la chai.

Sasa mnajua kwa nini siku ile kwenye benchi mlipouliza niliwaeleza habari ya lori. Aliniomba nisiseme, na mara hiyo nilitii.